Kule Taveta kwenye makaburi ya vita

Sahibu yangu,

Za masiku? Sisi huku wazima alhamdulillah, joto tu ndo limetukalia. Uliuliza kwa grupu ile safari yetu tuliosoma pamoja, ya kwenda makaburi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwaje nkasema acha nkuandikie peke yako, manake kule ukiandika jambo la maana mtu anakurushia stika.

Ilifana wallahi. Tulikodi basi, wale wa kuchelewa wakachelewa vile vile kama enzi za paredi, Voi tukanywa chai tukakata kushoto njia ya Taveta. Mwalimu wetu wa historia sasa atembea na mkongojo lakini sauti ni ile ile, alishika maiki hakuiachia tena. Pale Voi alituonyesha kaburi la luteni mmoja wa Australia, Dartnell, alipigwa risasi ya mguu karibu na Maktau Septemba 1915, wenzake wakawa wambeba akakataa, akasema nacheni na hawa majeruhi wengine, akauawa hapo hapo.

Lakini Salaita, karibu na Taveta, ndo penyewe. Kilima chenyewe kidogo tu, ukikiona wasema hiki nacho cha kupigania? Sasa 12 Februari 1916 Waingereza wakapeleka wanajeshi wa Afrika Kusini, wageni kabisa, ndo kwanza wametoka kuteremka Kilindini, mizinga ikapiga kule juu kileleni kumbe Wajerumani na askari wao wako chini kwenye mahandaki yamefichwa na miiba. Hao wa Afrika Kusini walichapwa wakakimbia, na waliosimama kuwakinga ni kikosi cha Mabulushi kutoka India, ambao hao Makaburu walikuwa wawacheka njia nzima kwa rangi yao. Yule Bulushi wetu wa form four B kusikia hivo akavimba kifua basi zima, tukamwambia wewe babu zako walikuja na Sultani zamani hao si wenu, hasikii.

Pale chini kuna miiba usiombe, kanzu ya mtu ilishikwa ikararuka hadi kwapani. Na siku hiyo Kilimanjaro ilikuwa wazi, nyeupe juu, sisi twatoka jasho.

Sasa nkwambie kilichonkera. Makaburi ya Taveta yamepangwa safi, nyasi zimekatwa, kila jiwe lina jina na kikosi na tarehe. Nkamuuliza mwalimu, na wapagazi wako wapi? Akanyamaza kidogo akasema hawapo. Wale kina kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliobeba risasi na unga kwa vichwa hadi Msumbiji huko, kwa hesabu ya Waingereza wenyewe walikufa zaidi ya 90,000, wengi si kwa risasi, ni kuhara na malaria na njaa. Tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi 2021, ikakubali kuwa Waafrika wengi hawakuandikwa popote. Miaka mia na ushee! Na hapo Mombasa Jomo Kenyatta Avenue, ile sanamu ya askari tunayoipita kila siku tukikimbilia matatu, imeandikwa kwa Kiswahili kabisa kwamba wana wenu watayakumbuka majina yenu. Majina gani, na mliyatupa?

Hapo nkakukumbuka wewe na Giriama yako. Kina Mekatilili, yule mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, walikataa vijana wao kuchukuliwa, Kaya Fungo, kaya yao takatifu, ikalipuliwa 1914, na baada ya vita vyao hivyo na Waingereza faini waliyotozwa ilikuwa pesa na pia vijana 1,000 wa kwenda kubeba mizigo. Si wewe ulituhadithia bwenini kwamba babake nyanyako alichukuliwa akarudi mwingine, hata chumvi hataki kuiona? Na ndugu yake hakurudi kabisa?

Basi tumeamua, tunakusanya majina. Hatujui tutayaweka wapi, wengine wasema bango pale shuleni, mimi nasema tuyachape kitabu kidogo maana bango litapakwa rangi hedimasta akibadilishwa. Tuko na machache, ya Taita na Rabai. Kwa hivo mpigie nyanyako, yule bado akili iko sawa, muulize jina la babake na la huyo ammi yake aliyepotea, na kijiji, na kama alijua walipelekwa upande gani. Usimharakishe, na mrekodi kwa simu.

Na ile elfu mbili ya basi uliyoahidi, mweka hazina anakuulizia.

Wako wa deski la nyuma.