Mume wangu namtajia nusu tu ya bei ya kucha

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nimeiandika barua hii mara tatu nikaifuta, maana naogopa utasema, hizi si kucha tu jamani? Naomba unisome hadi mwisho.

Tangu utoto wangu nilikuwa natafuna kucha. Nilizitafuna hadi nyama ya kidole inabaki wazi na damu inatoka, na bado naendelea. Mama alinipaka kila kitu kichungu alichoambiwa, haikusaidia. Nikasoma, nikaajiriwa, nikaolewa, vidole ni vilevile. Na kazi yangu ni ya mapokezi, kutwa nzima napokea karatasi za watu na kuwaonyesha mahali pa kutia sahihi. Nilizoea kuongea na watu huku nimekunja ngumi.

Mwaka jana mwenzangu kazini akanipeleka saluni, nikabandikwa kucha za akriliki. Shangazi, zile ni ngumu, meno hayaziwezi. Wiki ya pili nikagundua sijapeleka kidole mdomoni. Mwezi wa tatu nikajikuta namwelekeza mgeni mlango kwa mkono uliofunguka, na nilipofika chooni nililia. Ndiyo maana nashindwa kuziita anasa.

Sasa gharama. Bei iliyobandikwa ukutani ni ya seti ya kucha fupi, rangi moja. Mwaka mzima sijailipa bei hiyo hata siku moja. Ukitaka ziwe ndefu kidogo, unaongeza. Ukitaka umbo la lozi badala ya mraba, unaongeza. Rangi ya jeli, ile inayokaushwa kwa taa, badala ya ile ya kawaida, hivyo hivyo. Mchoro unahesabiwa kwa kidole, kwa hiyo ukikubali maua kwenye vidole viwili kila mkono, hivyo ni vidole vinne. Kucha iliyovunjika inatozwa peke yake. Hata kuzitoa kunalipiwa, kwa sababu zinasuguliwa kwanza kisha zinalowekwa kwenye asetoni, dawa ya kuziyeyushia, hadi zilainike, na muda huo fundi hahudumii mwingine. Hayo yote huulizwa ukiwa umeshakaa, mkono uko mezani, kwa sauti nzuri: tuongeze? Nami naitikia, kwa kuona aibu kuuliza bei mbele ya wateja wengine. Hesabu naisikia mwishoni.

Tena huwezi kulipa mara moja ukamaliza. Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo baada ya wiki mbili au tatu pengo linaonekana nyuma, karibu na ngozi. Usipokwenda kujazia, uzito wote unahamia mbele, na ukijigonga kidogo ile ya bandia inang'oka na tabaka la kucha yako. Mimi huenda kila wiki tatu. Ni mara 17 kwa mwaka. Usiku mmoja nilichukua kalamu nikajumlisha, nikadhani nimekosea, nikajumlisha upya. Inakaribia kodi yetu ya nyumba ya miezi miwili.

Mume wangu si mchoyo. Siku ya kwanza aliniambia zimenipendeza, akauliza bei. Nikamtajia nusu. Sijui hata kwa nini, neno lilitoka tu. Tangu hapo kila akiuliza nataja nusu, na hiyo nyingine naitoa kwenye pesa zangu za nauli na matumizi madogo. Tunaweka akiba pamoja ya kununua kiwanja. Mwezi uliopita alileta fungu lake kamili, na nikaona viatu vyake vya kazini vimepasuka pembeni. Nilipomuuliza akasema vitasubiri, kiwanja kwanza. Siku ile nilikuwa nimetoka saluni. Tangu hapo silali vizuri.

Nimejaribu kupunguza. Nilikwenda kwa fundi mwingine wa bei ya chini, na harufu ya dawa yake ilikuwa kali kuliko niliyoizoea. Wakati wa kuzitoa hazikulainika kwenye asetoni, akazibandua kwa nguvu, kucha zangu zikabaki nyembamba kama karatasi, hata maji ya moto yakawa yananichoma. Fundi wangu alipoziona akaniambia hizo ni dalili za MMA, kimiminika cha bei rahisi cha kutengenezea kucha hizi, ambacho mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilichukua hatua dhidi yake tangu miaka ya 1970 kwa sababu ya kuumiza watu. Nikarudi kwake.

Kujifanyia nyumbani nako kunanitisha. Mdogo wangu alinunua taa na jeli zake akawa anapaka mwenyewe. Jeli ikawa inamgusa ngozi kabla haijakauka kwenye taa. Vidole vikaanza kuwasha, vikatoa malengelenge. Daktari akamwambia ni mzio wa akrilati, kemikali zilizomo kwenye jeli, asiguse tena, na amwambie daktari wa meno kila akienda kuziba jino, kwa kuwa vitu vya jamii hiyo hutumika huko pia.

Na fundi wangu simlaumu, naomba hili lieleweke. Anakaa ameinama saa mbili juu ya mikono yangu, kavaa barakoa kwa ajili ya vumbi na harufu, na kiti kile anakilipia kodi. Kumwomba punguzo naona ni kumnyang'anya. Lakini natamani kungekuwa na namna ya kuambiwa jumla kabla hajaanza.

Nimefikiria kubaki na kucha zangu mwenyewe, fupi, zipakwe jeli tu bila kurefushwa. Ingepunguza gharama sana. Ila jeli ni nyembamba, na nikiwa na wasiwasi kidole bado huinuka chenyewe kuelekea mdomoni, nakikamata njiani. Kuna msomaji aliyewahi kutafuna kucha akaacha akriliki bila kurudi nyuma? Ulisubiri muda gani kwanza?

Na wewe Shangazi, nisaidie hili la mume. Nimwambie jumla yote ya mwaka mzima, au nianze kwa kupunguza halafu nimweleze nikiwa na kitu cha kumwonyesha? Hiyo njia ya pili naiona rahisi zaidi, na ndiyo maana siiamini.

Miadi yangu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nikikaa kwenye kile kiti, nimwambieje fundi wangu, kwa heshima, kwamba leo nataka kujua bei yote kwanza?

Mimi mwanao,
Mwenye Kucha