Siku 28 na Spana: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Australia

Mheshimiwa Waziri,

Kwa takwimu za 2020–2022, mwanamume mwenyeji wa asili wa Australia (Mwaborijini au wa Visiwa vya Torres Strait) anatarajiwa kuishi miaka 71.9, pungufu ya wanaume wengine nchini mwako kwa miaka 8.8. Kwa wanawake pengo ni miaka 8.1. Mmeahidi kuliziba ifikapo 2031. Tunakuandikia juu ya kipande kimoja tu: ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi. Afrika Mashariki tunaujua, na tunajua umaskini unavyoulea. Nchi tajiri kama yako haina udhuru huo.

Huanza na maumivu ya koo, au vidonda vya ngozi vilivyoingiwa na bakteria wa streptokoka. Kinga ya mwili huishia kuzishambulia vali za moyo. Mtoto aliyekwisha kuugua, mwenye kilo 20 au zaidi, huchomwa benzathini penisilini uniti milioni 1.2 kila siku 28, kwa miaka. Siku ya 28 ni ukomo, si tarehe ya miadi. Zahanati inayoanza kumtafuta siku hiyo imeshachelewa. Ianze siku ya 21. Dawa yenyewe ni nzito na inauma. Itolewe kwenye friji mapema ipungue ubaridi, isukumwe polepole kwa dakika mbili au tatu. Muuguzi mwenye pupa humkimbiza mtoto asirudi tena.

Rejista za wagonjwa hawa nazo ni za kila jimbo peke yake. Familia ya jangwani ikivuka mpaka kwenda kuzika, tarehe ya sindano hubaki nyuma.

Hata hivyo sindano humfuata aliyekwisha kuugua. Kinga ya mwanzo iko bafuni. Maji ya visima vya jangwani yana chokaa. Huziba mabomba na kuharibu hita. Bafu likifa, na mashine ya kufulia ikifa, upele, unaofungulia bakteria hao njia ya ngozi, huzunguka nyumba nzima, na kumtibu mmoja bila kuwatibu wote siku ileile ni kazi bure. Wapo wanaosema wakazi ndio waharibifu. Ukaguzi wa Healthabitat, shirika la Australia linalokagua na kurekebisha nyumba, katika maelfu ya nyumba ulikuta uharibifu wa wakazi haufiki asilimia 10 ya sababu. Mengi ni kukosa matengenezo na ufundi mbovu tangu ujenzi. Watu wa Healthabitat huingia na spana mkononi, wakarekebisha siku hiyohiyo. Fomu pekee haizibui bomba.

Tunaomba tarehe ya sindano ya mwisho isomeke katika majimbo yote, na mafundi bomba walipwe kutoka bajeti ya afya, chini ya zahanati zinazoendeshwa na Waaborijini wenyewe.

Wako,
Wahudumu wa afya wazungumzao Kiswahili