Mlete Mtoto Tanga

Ngamiani, Tanga
Alhamisi usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo. Bimkubwa magoti yanamsumbua, anasali kwa kiti, lakini sauti yake bado inafika barabara ya pili. Ujumbe wako niliuweka kwenye spika tukiwa tunachambua mchele, naye akasikia ulivyosema kuwa kitindamimba wako ametimiza miaka kumi na hajawahi kutumwa dukani peke yake. Akaacha ungo, akaniangalia. Halafu ukauliza lile swali lako: "Hivi mama zetu walikuwa hawaogopi?" Bimkubwa akadakia kabla sijafungua mdomo: "Mwambie tuliogopa. Sana."

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na kwenye simu tunakatizana. Tangu siku hiyo nayawaza maisha yetu yale ya utotoni, na kila nikiyawaza naona tulifundishwa mengi kabla ya kuachiwa, bila mtu kutuambia kuwa tunafundishwa.

Kumbuka tulivyosoma kwa zamu. Elimu kwa wote iliyoanza 1977 ilileta watoto wengi kuliko madarasa, kwa hiyo wengine waliingia asubuhi, wengine mchana. Zamu yetu ikiwa ya mchana, ukishateka maji na kufagia uwanja asubuhi yote ilikuwa yako. Televisheni huku bara haikuwapo. Vituo vya kwanza vilifunguliwa 1994, sisi tayari tumeanza kuposwa. Redio ilikuwa moja, na hiyo ya baba. Mtoto atakaa ndani afanye nini? Rede, mdako, kombolela kwa kopo la maziwa lililopondeka, mapera ya watu, embe mbichi kwa chumvi na pilipili: hayo unayajua, sina haja ya kukuhesabia. Ninalotaka kukukumbusha ni pwani.

Kutoka Barabara ya Kumi na Mbili tulivuka reli, tukakatisha mjini, kisha tukaifuata njia ya Raskazone mpaka majini. Kundi lilikuwa la watoto wa kila umri, mkubwa labda miaka kumi na mitatu, mdogo kabebwa mgongoni. Kiongozi wetu yule dada wa nyumba ya kona. Unamkumbuka alivyotupanga barazani kwao kabla hatujaondoka? Swali lake la kwanza lilikuwa lilelile siku zote: "Leo mwezi ngapi?" Hakuuliza tarehe ya ubaoni shuleni. Aliuliza ya chuoni kwenye Kurani, ya mwezi wa kuandama, na ambaye hakujua alibaki.

Nilikuja kuelewa baadaye. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ndipo bamvua, maji yanapopwa na kujaa kuliko siku nyingine. Na pwani yetu hii siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa alasiri kwenye saa kumi. Baina ya kupwa na kujaa ni zaidi ya mita tatu, urefu wa kumfunika baba na mwanawe juu ya mabega. Na kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini. Kwa hiyo mtoto aliyeijua tarehe ya mwezi alijua mwamba utakuwa wazi saa ngapi, na yeye awe ametoka saa ngapi. Ikiwa mwezi saba, au ishirini na mbili, hayo ni maji mafu, hakuna cha kufuata huko. Siku hizo tulikwenda kutafuta ukwaju. Mwalimu wa hesabu hakuwahi kutupa zoezi gumu kama lile, na tulilifanya tukiwa tumesimama, mdogo akitulilia mgongoni.

Tukifika, wakubwa wanatanda. Kanga moja kuukuu, wanne wameshika pembe, wengine wanaswaga dagaa kwa miguu, maji ya magotini. Mimi na wewe tuliswaga muda mrefu, na tulilia, mpaka tukakabidhiwa pembe. Masharti yake bado ninayo kichwani. Hakuna kuingia maji yanayofika kiunoni kwa mdogo kuliko wote. Kila mkubwa ana mdogo wake, na huyo ndiye atakayeulizwa. Miguu inaburuzwa mchangani, hainyanyuliwi, ili samaki taa, yule mwenye mwiba mkiani, akimbie kabla hujamkanyaga. Na aliyechomwa mwiba anakimbizwa nyumba ya karibu, mguu utiwe kwenye maji ya moto kadiri atakavyovumilia. Ukiona kiu, unaomba maji na unayanywea barazani. Kuingia ndani kwa mtu alikataza kabisa, hata kama mwenye nyumba tunamwita mjomba. Ninapowasikia watu wakisema sisi tulikuwa tunazurura tu, nasikia uchungu, maana kazi ya yule dada inafutika yote.

Njiani nako tulikuwa na wenyewe. Fundi baiskeli, fundi cherehani, mama wa vitumbua, balozi wa nyumba kumi ambaye alijua kila mtoto ni wa nani na jana alilala kwa nani. Ukivuka reli behewa zikiwa zinasogezwa, habari ilifika nyumbani kabla yako. Sitaki kulisafisha jambo hili: mtu mzima yeyote alikuwa na ruhusa ya kutuchapa, na wapo waliotuchapa kwa hasira zao walizotoka nazo kwingine. Hilo lisirudi. Ila kule kujulikana nakutamani mno. Mwanao akipotea njia hapo Mbezi, Dar, geti la nne kutoka kwenu wanalijua jina lake?

Na usidhani nimemsahau yule mtoto wa Barabara ya Kumi na Tano. Naamini ndiye uliyekuwa ukimwaza ulipouliza swali lako. Aliondoka peke yake alasiri, maji yakijaa, mkondo ukamvuta. Alipatikana siku ya pili. Naukumbuka mkeka uliotandikwa nje kwao, na jinsi mama zetu walivyokuwa wakitushika mabega kila tukipita karibu.

Hitima ilipokwisha, mzee mmoja mvuvi alitukusanya watoto wa mitaa ile, wa kiume na wa kike, akatupeleka maji yakiwa yamekupwa. Akatuonyesha mkondo ulivyo: ule mfereji unaobaki na maji wakati kwingine kote kumekauka. Tukaushuka kwa miguu yetu. Akasema, ukikushika usishindane nao kurudi ulikotoka, utachoka. Elea, uache ukuchukue, huku unaogelea kwa ubavu mpaka utoke nje yake. Kisha akatuingiza majini mmoja mmoja, kiganja chake chini ya mgongo, akatufundisha kuelea. Wewe ulimng'ang'ania shingo ukapiga kelele mpaka watu wa ngalawa wakasimama kutazama. Siku zilizofuata ulikuwa wa kwanza kulala juu ya maji umefumba macho.

Hayo unayajua. Hili la pili hulijui, na hata mimi nimelisikia juzi kwa bimkubwa, baada ya ujumbe wako. Usiku wa hitima mama zetu walikutana ukumbini kwetu. Wapo waliotaka tufungiwe, pwani iwe basi. Aliyekataa ni mama wa marehemu. Alisema, "Wangu hakujua. Hawa wajue." Yeye ndiye aliyemtuma yule mzee kwetu. Shoga, miaka yote hii nadhani mzee alikuja kwa huruma zake, kumbe ni mama aliyetoka kuzika, anafikiria watoto wa wenzake. Sikulala vizuri usiku ule.

Najua kuna na hofu nyingine ambayo hukuitaja kwa jina, na si hofu ya bure. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa nchini 2009 na kutolewa 2011 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana watatu kati ya kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na mvulana mmoja kati ya saba. Wengi walimjua aliyewafanyia, na mara nyingi ilitokea ndani ya nyumba ya mtu. Niliposoma hayo nilimkumbuka dada wa kona na sharti lake la kunywea maji barazani. Sijui nani alimfundisha, na kwa nini alilikazia vile. Ukuta wenu na nyaya zake utamzuia mwizi. Hauwezi kumzuia mtu anayefunguliwa geti kwa salamu. Mtoto mwenye wenzake watano, na aliyeambiwa wazi wapi haingii, simwoni kuwa yuko hatarini zaidi ya aliyefungiwa ndani na mgeni wa familia.

Kinachoniuma mpaka leo ni jinsi sisi tulivyokatizwa. 1988, mwaka Coastal Union walipochukua ubingwa wa ligi, tulikuwa na miaka kumi na miwili. Mkwakwani tuliingia kwa kumwomba mtu mzima yeyote atushike mkono mlangoni, na ndani tukajipenyeza mpaka mbele. Mwisho wa mwaka ule mimi nikavunja ungo, wewe ukafuata, tukaambiwa tumekua. Kaka yangu, tuliyepishana naye mwaka mmoja, aliendelea kwenda pwani. Akirudi ananuka chumvi, anacheka, anadai chakula. Mimi niko dirishani na mtandio. Dada wa kona alikuwa ametutangulia kutolewa, na aliozwa hata kumi na nane hajatimiza. Watu wakisema zamani watoto walikuwa huru, waseme wavulana walikuwa huru, sisi tulikopeshwa. Binti yako ana miaka kumi. Hesabu mwenyewe.

Sasa, Ngamiani ya leo siyo ile, sitakudanganya. Bodaboda zinakata mitaani kwa kasi inayotisha, na duniani kote ajali za barabarani zinaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ugonjwa wowote. Viwanja vya chandimu vimejengwa fremu za maduka. Lakini nimekaa barazani nikatazama, na naona watoto wadogo bado wanataka kutoka vilevile. Waliopotea ni wakubwa. Huyu wa miaka kumi na mitatu yuko bweni, au yuko masomo ya ziada mpaka jioni, Jumamosi ikiwemo, na basi la shule linampitia gizani. Mdogo anabaki na simu kwa sababu hakuna wa kumpanga barazani na kumuuliza mwezi ngapi. Tunawasema watoto kuwa wamelegea, na sisi ndio tuliowaondoa waliokuwa wawafundishe.

Kwa hiyo naomba jambo moja, na naliomba kwa haki ya ushoga wetu. Desemba shule zikifungwa, niletee mtoto. Ndiyo msimu wa kaskazi, na embe zipo. Binti wa kaka yangu yuko nyumbani, ana miaka kumi na mitatu, anajua kutanda na kusoma maji. Nimemfundisha mwenyewe, na baba yake alipoguna nilimkumbusha yeye alikuwa wapi 1989. Ana kundi lake la watoto wa barabara yetu. Mimi hutoka nao, nawavusha barabara zenye pikipiki, nikifika Raskazone nakaa mbali kivulini na ushonaji wangu. Siwaiti, siwaelekezi. Wakigombana, wanapatana wenyewe. Wako atakaa siku za mwanzo akijifunza kuelea tu, na hatapewa pembe ya kanga kwa kuwa ni mgeni. Ataswaga kama tulivyoswaga sisi, na akilia atalia.

Mfungie kanga mbili kuukuu, siyo zile za sare za harusi. Kandambili, na suruali ya kuvaa ndani ya gauni. Mafuta ya nazi tunayo. Simu abaki nayo baba yake. Naye baba akisita, asinipigie mimi, ampigie bimkubwa, ambaye ana maneno amemwekea tangu ule ujumbe wako. Dukani atatumwa kuanzia siku ya kwanza: duka la jirani, chumvi na kibiriti, na chenji ataileta mwenyewe.

Kuanzia mwezi utakaoandama mwanzo, mtoe nje usiku aanze kuhesabu. Huko kwenu taa ni nyingi, lakini mwezi mtauona. Akishuka stendi nitamuuliza mwezi ngapi kabla ya kumpa mkono.

Nijibu mapema, maana mabasi ya Desemba hujaa, na chumba cha mbele nataka nikipige chokaa kabla hajaja.

Wasalaam,
Shoga yako wa Barabara ya Kumi na Mbili