Ndiyo, ile pikipiki ni yangu

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku Pongwe hatujambo, ila kuku wamebaki sita, mwewe anajipakulia anavyotaka. Mjukuu wangu mbusu utosini, mwambie bibi yake anakuja.

Jumapili, baada ya kuiona ile picha yangu nimepanda pikipiki, umepiga simu mara nne na sikupokea. Niliiona. Nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele, simu inatetemeka juu ya mkeka, nami naitazama. Nilijua nikipokea utalia, na ukilia nitakudanganya ili unyamaze, na uongo niliokwisha kukwambia mwaka huu unatosha, kama utakavyoona huko mbele. Basi nimechukua kalamu. Mjomba wako anakuja Moshi Alhamisi, atakupa barua hii mkononi.

Ile pikipiki kwenye picha ni yangu. Si ya kuazima, na sikuipanda ili nipigwe picha. Ina cc 125, kadi ina jina langu, na nimeinunua kwa fungu la kiinua mgongo ulilodhani limekwenda kwenye bati. Bati nazo zimenunuliwa, usianze.

Unajua nilivyokuwa nikienda shamba Muheza. Nampigia kijana wa kijiweni, nakaa upande, miguu yote kushoto, mkono mmoja umeshika chuma cha nyuma, mwingine umeshika ushungi. Siku moja, katikati ya mashamba ya katani, kijana akasimama apokee simu. Nikashuka kunyoosha mgongo, nikageuka nyuma, nikaona kilima. Kilima kizuri, kina miembe juu yake. Nikamuuliza, hiki kimeota lini? Akacheka mpaka simu ikamponyoka. Kumbe barabara ile nimepita miaka yote hii, naijua kwa ubavu tu, wa kushoto kwangu. Kwenda nauona wa kusini, kurudi nauona wa kaskazini, na daima mgongo wa mtu mbele yangu. Jioni ile sikulala vizuri. Nilikuwa na miaka 61 na nilikuwa natazama dunia kwa ubavu.

Aliyenifundisha ni kijana huyo huyo. Nilimfundisha darasa la tatu, na kwa kuchelewa nilimchapa zaidi ya mara moja, naye hajasahau. Siku ya kwanza, kwenye uwanja wa shule, alinizimia injini akaniambia, “Mwalimu, leo unaisukuma tu.” Nikaizungusha goli hadi goli, kwa mkono, jua la saa tatu, watoto wamejaa ukutani. Nilidhani ananilipizia. Baadaye nikaelewa: alitaka nijue uzito wake kabla haijaanza kunguruma, nijue inapoinama kiasi gani bado naweza kuizuia, na ikizidi hapo niiache iende. Hilo la kuiacha iende lilikuja kunifaa. Nitakueleza.

Siku ya pili, klachi. Mwanangu, miaka 34 nimesimama mbele ya watoto nikiwaambia “ni rahisi, tulieni tu,” na ile klachi imenifanya nijutie kila mara niliyosema hivyo. Ukiiachia ghafla inaruka kama mbuzi aliyekanyagwa, halafu inazima. Ilinizimikia mara kumi na moja, nilihesabu. Kijana akaniambia niisikilize kwa kiganja: iko sehemu, katikati ya kuiachia, ambapo pikipiki inanong'ona kuwa inataka kwenda. Hapo usiongeze wala usipunguze, subiri. Ya kumi na mbili ikaondoka. Nilikwenda mita kama ishirini, nikiwa nimesahau kabisa kuwa iko na breki.

Kisha nikaugonga mpera. Ule uliopo nyuma ya jiko la shule, ambao uwanja mzima hauna mti mwingine. Niliuona kwa mbali, nikajiambia, usiuguse mpera, usiuguse mpera, macho yangu kwenye mpera, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye mpera. Sikuumia, taa ya kuonyesha kona ndiyo iliyovunjika. Kijana akasema waendesha pikipiki wote wanalijua hilo: jicho linapotua, tairi linafuata. Ukiona shimo, tazama pembeni mwa shimo, pale unapotaka kupita. Mpaka leo nikiliona shimo, naanza kwa kujikataza kulitazama.

Kuna jambo jingine nililigundua mwenyewe, na naomba unipe sifa zangu. Nilikuwa nashangaa kwa nini nikiwa kasi kidogo, nikitaka kwenda kulia na kuuvuta usukani kulia kama baiskeli ya mtoto, pikipiki inasita. Nikajaribu polepole uwanjani. Ukitaka kwenda kulia, unausukuma mbele kidogo mkono wa kulia wa usukani, yaani kama unaugeuza kushoto, nayo inalala kulia na kukata kona yenyewe. Nilimwita kijana nikamweleza kwa kuchora vumbini. Akatazama mchoro, akatazama mikono yake, akasema, “Kumbe ndivyo tunavyofanya!” Miaka saba yuko barabarani. Mwili wake ulikuwa unajua, yeye hajaambiwa.

Leseni nimekata, daraja A, baada ya mafunzo na mtihani. Askari aliyekuwa anatusimamia aliniuliza, kwa heshima kabisa, “Bibi, umemsindikiza nani?” Nikamwonyesha namba yangu ya mtihani. Hakuuliza tena.

Kuhusu mavazi, najua shangazi yako ameshakupigia. Mwambie nimeacha kupanda na baibui, na sababu yenyewe si uzungu. Kitambaa kirefu na cheni havikai pamoja. Kikishikwa kwenye meno ya sprocketi, lile gurudumu la cheni, kinakuvuta wewe, hakikatiki. Navaa suruali pana, gauni la kufika magotini, buti, hijabu ya kubana, na kofia ngumu juu yake. Majirani wamesema Mwalimu kaota pembe. Wamesema wiki mbili, wakachoka, sasa wananiuliza kama ninakwenda mjini niwaletee dawa.

Safari yangu ya kwanza ya mbali ilikuwa Pangani, kama kilomita 50 kutoka Tanga mjini. Nilikwenda asubuhi, nikanywa chai pembeni mwa mto, nikatazama kivuko kikivusha watu na baiskeli na mbuzi kwenda Bweni, nikarudi. Hakuna cha kusimulia isipokuwa nilinyamaza njia nzima na sikuchoka kunyamaza. Wewe unajua hiyo si tabia yangu.

Lushoto ndiyo safari yenyewe.

Nilitoka baada ya swala ya alfajiri, kukiwa kumeshapambazuka vya kutosha kuona ng'ombe. Usiku sisafiri, hilo nimejiwekea, na sibebi mtu. Mpaka Segera mambo yalikuwa ya kawaida. Kutoka pale, unapoingia njia kuu ya Arusha, ndipo nilipojua mimi ni mdogo. Basi likija mbele yako huliogopi basi lenyewe, unaogopa upepo wake. Linakupita, kwanza unasukumwa kando, halafu nyuma yake unavutwa ndani, vyote kwa kufumba na kufumbua. Ukikaza mikono, unayumba. Nikajifunza kulegeza viwiko na kubana tangi kwa magoti. La pili ni ukingo wa lami. Kuna mahali lami imekatika kama ngazi, na chini yake kifusi. Lori likikupigia honi nyuma usishuke pale kwa woga, kwa sababu kupanda tena kwenye ile ngazi kwa tairi la mbele ndiko kunakoangusha watu. Mimi nilipunguza mwendo mapema, nikashuka mahali palipo sawa, nikaliacha lipite na haraka zake. Nimesimama hivyo mara nyingi kiasi kwamba Korogwe nilifika saa tatu na nusu, nikala chapati mbili.

Mombo ukikunja kulia unaanza kupanda. Ni kilomita 33 hivi mpaka Lushoto, na katika hizo unatoka mita 400 juu ya bahari hadi 1,400. Barabara imebandikwa ubavuni mwa mlima kama mshono, upande mmoja mwamba, upande mmoja hewa. Gia ya pili, ya tatu, ya pili tena. Joto la Mombo linakutoka kona kwa kona. Mahali fulani kabla ya Soni nilihisi ubaridi unaingia kwenye mikono ya gauni, na harufu ikabadilika, kutoka vumbi na moshi ikawa udongo uliolowa na majani. Ndani ya gari ungefunga kioo tu ukaendelea na usingizi. Wajerumani waliuita mji ule Wilhelmstal, wakaupenda kwa sababu uliwakumbusha kwao. Mimi ulinikumbusha kuwa sikubeba sweta.

Soni nilisimama kwenye maporomoko. Mama mmoja anauza peasi na plamu akanisalimia Kisambaa, “Onga mshi,” akaitazama pikipiki, akatazama nyuma yangu kumtafuta mwanamume. Alipomkosa alinipunguzia bei. Sijui kwa nini, na sikuuliza.

Sasa uongo wangu.

Ile Jumanne uliyonipigia kwa video, ukaniona nimeinua mguu juu ya stuli, nikakwambia ni mshipa. Haikuwa mshipa. Nilianguka. Ilikuwa siku ya kurudi, nateremka kati ya Lushoto na Soni, manyunyu yametoka kuanza. Nawe ujue, mvua inapoanza ndipo lami inapoteleza zaidi, kabla haijaosha mafuta na vumbi. Kwenye kona udongo mwekundu ulikuwa umemomonyoka ukutani ukatandaa njiani. Niliuona nikiwa nimeshailaza pikipiki. Mwendo haukuwa mkubwa, nadhani hata 30 haukufika. Lakini mkono wangu wa kulia ulifanya kile nilichokatazwa kwa miezi mitatu: ulibana breki ya mbele katikati ya kona. Tairi la mbele likaondoka kama sabuni.

Nikaiacha iende, kama nilivyofundishwa. Ingekuwa nimeng'ang'ania nadhani ingeniburuta mpaka kwenye ukingo. Nilikaa pale njiani, kwenye tope, kofia imegonga chini mara moja, “ko,” na kitu cha kwanza nilichosema, Mungu anisamehe, hakikuwa shahada. Nilisema, “Klachi!” Kwa sababu injini ilikuwa bado inaunguruma.

Vijana wawili waliokuwa na mizigo ya kabichi wakaitua, wakaizima pikipiki na kuiinua. Wakati naamka shavu la mguu wa kulia likagusa bomba la moshi. Hicho ndicho ulichoniona nacho. Goti lilichubuka, kiganja kimoja kilichanika, kipini cha breki kilipinda. Kidonda nilikiosha kwa maji safi ya baridi kwa muda mrefu, kama ulivyonifundisha ulipokuwa mwaka wa pili chuoni, sikupaka dawa ya meno wala asali ingawa nilishauriwa vyote viwili papo hapo. Kimepona, limebaki baka. Nitakuonyesha.

Nilikaa ukutani kama saa nzima. Wale vijana hawakuniacha. Mmoja aliunyoosha ule mkono wa breki kwa jiwe na subira. Nilifikiri nimwambie aniendeshee mpaka Mombo, mimi nikae nyuma, miguu kushoto. Nilifika hatua ya kufungua mdomo. Halafu nikaitazama ile kona, nikaona kumbe upande wa nje wa barabara ulikuwa mkavu, upana wa kutosha pikipiki tatu, na sikuutazama hata kidogo. Nilikuwa nimetazama tope. Mpera ule ule, mwanangu, umehamia Usambara.

Niliteremka mwenyewe. Gia ya pili mpaka Mombo, nikiiacha injini inishikilie, sikuigusa breki isipokuwa kabla ya kona. Nyuma yangu kulikuwa na daladala ya watu wenye subira ya ajabu.

Najua unachokiona wodini. Uliniambia mwenyewe, usiku ule ulipotoka zamu na huwezi kula: vijana wa bodaboda, mapaja yaliyofungwa vyuma, mama zao wamelala chini ya vitanda. Sijayasahau. Kila ninapovaa kofia nakaza kamba mpaka inaacha alama kidevuni, na ninapofanya hivyo ninakuona wewe na gloves zako. Sikwambii usiogope. Ningekuwa mimi ni wewe ningeogopa pia, na pengine ningepiga simu mara sita. Nakwambia tu kuwa sikuanza kwa sababu nimechoka kuishi, kama alivyosema shangazi yako. Na sitaiuza.

Kwa arobaini ya mtoto nitakuja na basi. Usifurahi sana, hujashinda. Nimepima mwenyewe: kutoka hapa mpaka Moshi ni siku nzima kwa mwendo wangu, kuna maroli njia yote, na upepo wa kule Same kwenye uwanda mtupu sijaujua bado. Labda mwakani, kwa vituo, nilale Mombo na nilale Same. Safari hii nitakata siti ya dirishani, ya kulia, upande wa milima.

Kuna kitu nataka unifanyie. Ukipata nafasi pita kwenye mitumba pale Memorial, unitafutie koti zito la kuendeshea, lenye vikinga viwiko ndani, na glavu za ngozi. Saizi yangu ya mkono ni kama yako. Rangi yoyote ila nyeusi usichukue, nataka maroli yanione.

Mama yako