YAH: Malalamiko kuhusu kuondolewa kwangu kwenye fainali ya maswali ya gemu

Kwa Meneja wa Mashindano,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini mu wazima na kazi zinaendelea. Kanuni za mashindano mnazijua, maana mmeziandika wenyewe. Naomba tu mrudie pale panapohusu rufaa na lugha ya washereheshaji.

Swali lilihusu Hekalu la Wakati kwenye The Legend of Zelda: Ocarina of Time, gemu ya mwaka 1998: Mlango wa Wakati unafunguliwa na nini? Nikajibu kwamba yanatakiwa mawe matatu ya kiroho, yaani zumaridi ya Kokiri, yakuti nyekundu ya Goron na yakuti samawi ya Zora, kisha Link, shujaa wa gemu, apige Wimbo wa Wakati kwa okarina, filimbi ile ambayo binti mfalme Zelda aliitupa kwenye mfereji wa ngome akitoroka na mlinzi wake Impa. Mshereheshaji wenu akatazama karatasi, akacheka kwenye kipaza sauti: "Umekosa, dada. Jibu ni Master Sword. Haya, gemu waachie wenye gemu." Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikavuliwa kitambulisho jukwaani.

Ndugu Meneja, Master Sword, upanga wa Link, iko nyuma ya mlango huohuo! Nani amewahi kufungua kabati kwa ufunguo uliofungiwa ndani ya kabati? Maelezo yamechongwa kwenye madhabahu, mbele ya mlango, na kila aliyeicheza gemu ameyasoma. Upanga unafungua kingine kabisa, Milki Takatifu. Link alipouchomoa akalazwa usingizi wa miaka saba kwa kuwa bado mtoto, na adui yake Ganondorf akapita hapo akaitia mkononi Triforce, hazina yenye nguvu iliyokuwa humo. Mtunga swali wenu kachanganya milango miwili.

Na asubuhi, kwenye mchujo, mlimpa mtu alama kwa kusema hekalu lilijengwa na mfalme wa Hyrule, nchi ya kwenye gemu. Mhenga Rauru mwenyewe anamwambia Link kwamba walilijenga wao, wahenga wa kale, ili kulinda njia ya kuingilia Milki Takatifu. Nilinyamaza kwa heshima. Aliyetwaa zawadi sina kinyongo naye. Alilotaja kuhusu magofu ya hekalu hilo kwenye Breath of the Wild, gemu ya Zelda ya 2017, lilikuwa sahihi.

Narudi kwenye kile kitendo, kwa sababu majibu yenu kwa malalamiko yangu yamekiita "utani wa jukwaani". Nilinyoosha mkono kuomba rufaa. Mshereheshaji akaficha kipaza sauti mgongoni nisisikike, akaninyooshea kidole mlango wa kutokea, ndipo akakirudisha mdomoni na kusema gemu niwaachie wenye gemu, huku akimkonyeza mpiga picha. Kamba ya kitambulisho ilinasa kwenye hereni yangu. Akaivuta hivyohivyo. Mdogo wangu wa kiume, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kucheza, alikuwa safu ya mbele akiangalia. Utani gani huo?

Kabla ya majibu yenu nilitaka kiingilio changu tu. Sasa nataka kiingilio, video yangu iondolewe kwenye kurasa zenu, masahihisho ya swali yawekwe palepale ilipokuwa, na mshereheshaji aniombe radhi kwa maandishi, kwa jina lake. Nafasi yangu ya fainali irudishwe. Tena hapana, fainali yote irudiwe, na maswali yapitiwe na mtu aliyewahi kuishika gemu yenyewe.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, barua hii na video vinakwenda Tume ya Ushindani, na nakala kwa kila mdhamini wenu. Majina yao yote yamo kwenye bango lenu, nimeshalipiga picha.

Wenu,
Mshiriki mliyemwondoa