Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tunaomba Ufadhili Uwe wa Miaka Miwili

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitajikita katika ufadhili wa utafiti kwa wanazuoni waliolazimika kukimbia vyuo vyao, kwa kuwa hapo ndipo kamati tendaji inaomba uamuzi wenu.

Mwaka huu pia tumepokea maombi kutoka kwa wahadhiri waliotawanywa na vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023, sambamba na wenzao wa Ukraine na Afghanistan. Wengine walitoroka bila vyeti, na vyuo vilivyowapa vyeti hivyo havijibu tena barua. Kwa hao tumekubali ushahidi wa watu waliofundisha nao, pamoja na makala walizokwisha kuchapisha. Naamini huo ndio utaratibu wa haki.

Tatizo kubwa ni muda. Ufadhili wetu ni wa miezi kumi na miwili. Miezi ya mwanzo huliwa na viza, makazi na shule za watoto. Ya mwisho huishia kwenye kuandika barua za kutafuta pa kwenda baadaye. Utafiti hubanwa katikati, na unapoanza kushika kasi mkataba unakwisha. Inaniuma kuona kazi nzuri ikikatika hivyo.

Chukueni mfano wa Hans Krebs, mwanasayansi Myahudi wa Ujerumani: alifukuzwa Chuo Kikuu cha Freiburg mwaka 1933, Wanazi walipowaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Akapokelewa Cambridge, Uingereza, na mwaka 1935 akahamia Sheffield. Huko, mwaka 1937, alieleza mzunguko wa kemikali ambao chembe hai hutumia kupata nishati, ule unaofundishwa leo kwa jina lake. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1953. Kutoka kufukuzwa hadi kazi hiyo ni miaka minne; kwa mkataba kama wetu angeachwa njiani mapema sana. Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani, katika mpango unaobeba jina la Philipp Schwartz, daktari aliyekimbia Frankfurt mwaka huohuo wa 1933 na kuwatafutia wenzake kazi Istanbul, hutoa miezi ishirini na minne.

Lakini muda bila mwenzi wa kazi hausaidii sana. Tumeona wageni waliopewa ofisi na kompyuta, kisha idara ikawasahau. Waliofanikiwa ni wale ambao mwenyeji wao aliandika nao ombi la fedha za mradi, akawaingiza kwenye vikao vya idara na kuwapa wanafunzi wa kusimamia. Mtaalamu wa udongo aliyekimbia kwao anaijua ardhi ile kuliko yeyote katika maabara inayompokea. Anastahili kuwa mshiriki wa utafiti tangu swali la kwanza linapoulizwa.

Wapo pia wasioweza kuondoka, au walioishia nchi jirani bila viza. Kwao tumeanza ufadhili wa mbali: anwani ya chuo ya kutumia katika machapisho, kibali cha kuingia maktaba ya kielektroniki, na posho. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba baadhi yao wametumia nafasi hiyo kuendelea kusimamia tasnifu za wanafunzi wao waliotawanyika.

Kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao kila ufadhili mpya uwe wa miaka miwili, na usitolewe mpaka mwenyeji awasilishe mpango wa utafiti wa pamoja. Tusipopata fedha zaidi, nafasi zitapungua, na tutawakataa watu wenye sifa. Tumelijadili hilo kwa uchungu, na bado nawaomba mpige kura ya ndiyo.

Wanachama ambao idara zao ziko tayari kupokea mwanazuoni wajiandikishe kwa katibu kabla ya mkutano kufungwa. Uhitaji mkubwa ni wa maabara za tiba na kilimo, kwa kuwa watafiti wa fani hizo hawawezi kuendelea kwa kompyuta peke yake.