Barua kwa mjomba aliyeacha vidonge vya presha

Mbukwa mjomba, na shikamoo. Najua simu yako ni ya tochi, hii atakusomea yule mjukuu wako wa form two, we kaa usikilize tu maana tukiongea uso kwa uso unahamisha mada unaanza habari za mvua.

Majuzi hapo Hombolo mashine ilisoma 178 kwa 104, ukasema mbovu, ikarudiwa, ukasema basi ni mawazo ya kesi ya kiwanja. Mawazo yanapandisha sikatai, ila yako ilikuwa vilevile hata siku ya harusi umecheza mpaka viatu umevua. Hebu tuongelee figo.

Unamwagilia zabibu kwa mpira si ndio? Mtu akiukanyaga katikati, aliyeko mstari wa mwisho anaona maji yanachuruzika, anapiga kelele pampu iongezwe moto, kumbe tenki limejaa na shida ni mguu wa mtu. Figo ndo hivyohivyo. Mwaka 1934 Mmarekani mmoja, Harry Goldblatt, aliubana mshipa unaopeleka damu kwenye figo za mbwa, presha ya mwili mzima ikapanda na ikabaki hukohuko juu.

Kelele za figo ni kemikali inaitwa renini. Imejulikana tangu 1898, Tigerstedt na mwenzake Bergman kule Stockholm walisaga figo za sungura, maji yake wakawadunga sungura wengine, presha juu. Sasa cha ajabu, renini yenyewe haibani mshipa wowote, ni mkasi tu. Ini linamwaga protini kwenye damu, inazurura haina kazi, renini inaikata inatoa kipande cha amino asidi 10, yaani zile punje zinazounda protini, ambacho nacho bado hakina nguvu ya maana, kikifika kwenye mapafu kinakutana na mkasi wa pili, unanyofoa mbili zinabaki 8. Hako ka nane ndo kenyewe mjomba, angiotensini ya pili. Kanabana mishipa, halafu kanazichokoza tezi zilizokaa juu ya figo zitoe aldosteroni, na hiyo aldosteroni inaiamuru figo ishike chumvi isiikojoe, na chumvi ikibaki maji nayo yanabaki. Yaani mpira umebanwa na maji yameongezwa.

Ndo maana nakusumbua na chumvi, wala sio uchoyo. Pale mnadani Msalato nyama haijafika mdomoni ushaichovya kwenye kisahani mara mbili, kuonja hujaonja. Na magadi ya mlenda ni sodiamu ileile, hata kama ulimi hausemi chumvi. Najua mlenda bila magadi kwetu sio mlenda, siombi uache, nasema kipimo kiwe cha vidole sio cha kijiko.

Tuje kwenye kikohozi kilichokufanya uache vidonge, maana hapo una haki yako. Vidonge ulivyopewa ni kaptoprili, vinauzuia ule mkasi wa pili. Vimetokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili, jararaka, akikugonga presha inaporomoka, wataalamu wakachunguza kwa nini, wakatengeneza kidonge, Marekani wakakiruhusu 1981. Sasa mkasi huohuo una kibarua kingine, unakatakata kitu kinaitwa bradikinini. Ukizuiwa, bradikinini inajazana, na kwa baadhi ya watu koo linawasha wanakohoa kikavu usiku kucha. Umepimwa makohozi TB hamna, majirani wameshakuhukumu kwa waganga, na wewe ukaacha dawa kimyakimya. Aliyekupa angekuambia mapema, hilo nalisema bila kumung'unya.

Ila kuacha sio dawa. Zipo nyingine kama losartani, haigusi mkasi, inaziba pale ka nane kanapotaka kukaa, na kikohozi chake ni nadra. Lakini ni daktari wa kukubadilishia, sio wewe kuazima za jirani ambaye figo zake huzijui.

Jumatatu nakuja na boda saa moja asubuhi, uwe umeshavaa. Na vile vidonge vilivyoko nyuma ya redio nimeviona mjomba, vimeota vumbi, vibebe vyote na karatasi yake tumwoneshe daktari.

Mpwa wako